Hataza isiyo hataza

Wanaotafsiri habari za Marekani ya karne ya 19 huziita “dawa za hataza” zile chupa za kuongeza nguvu zilizojaa rafu za maduka ya miji midogo. Neno hilo linapotosha. Hataza humtaka mvumbuzi afichue utengenezaji wake, na wauzaji hawa waliishi kwa kuficha. Walichosajili zaidi ni majina na lebo. Dawa ya Lydia Pinkham, iliyoanza kuuzwa Massachusetts mwaka 1875, ilikuwa na kileo cha takriban asilimia 18, na ni sheria ya Marekani ya 1906 iliyolazimisha kileo kitajwe kwenye lebo. Mtu atapinga akisema jina lilizaliwa Uingereza, ambako mfalme alitoa hati halisi. Sawa, lakini hati hizo hazikumhusu mwenye duka wa Marekani na mabango yake. Ningeandika “dawa za siri”, ingawa zilitangazwa kwenye kila ukuta.