Kinga ya mama kwa mtoto mchanga na ugonjwa wa surua

Kinga ya mama ni kingamwili ambazo mtoto huzipata kutoka katika damu ya mama, kupitia kondo la nyuma, akiwa bado tumboni. Nyingi huvuka katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, ndiyo maana mtoto njiti huzaliwa na akiba ndogo. Wengine huiita kinga ya kurithi, jina linalopotosha: kilichorithiwa hudumu, ilhali kingamwili hizi huisha kwa miezi michache, na mtoto hana uwezo wa kutengeneza nyingine kama hizo mpaka augue au achanjwe. Hata "kinga ya mama" humfanya msikilizaji adhani anayelindwa ni mama. "Kinga itokayo kwa mama" ni ndefu zaidi, lakini haimdanganyi mtu.

Mama aliyewahi kuugua surua kwa kawaida humpa mtoto kingamwili nyingi kuliko mama aliyechanjwa; asiyeugua wala kuchanjwa hana cha kumpa. Zikiwa bado nyingi, kingamwili hizo hukabili hata virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo, nayo ikakosa nguvu. Kwa sababu hiyo dozi ya kwanza katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutolewa mtoto akifika miezi 9. Kati ya kinga kuisha na chanjo kuingia kuna pengo, na hapo ndipo mtoto wa miezi 7 anapopata homa, macho yakawa mekundu, kisha vipele vikaanzia nyuma ya masikio na usoni.

Katika eneo la afya la Mabalako, upande wa Beni, mashariki mwa nchi hiyo, dalili hizo za mwanzo zilitisha kwa sababu nyingine. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulianzia kwa wagonjwa wa Mangina, mji wa eneo hilo, na Ebola nayo huanza kwa homa. Tarehe 10 Juni 2019 serikali ikatangaza pia mlipuko wa surua. Ebola ya mashariki iliua watu 2,287. Surua, nchi nzima, iliua zaidi ya 7,000, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Vifo hivyo vya surua havikupata hata sehemu ndogo ya macho ya dunia yaliyoelekezwa kwa Ebola.

Mjamzito anayeugua surua yuko katika hatari ya nimonia, mimba kuharibika, mtoto kufia tumboni au kuzaliwa kabla ya wakati. Tofauti na rubela, surua haijulikani kuleta kasoro za maumbile. Akiugua karibu na kujifungua, mtoto anaweza kuzaliwa na virusi kabla kingamwili za kutosha hazijamfikia.

Chanjo ya surua ina virusi hai, hivyo mjamzito hapewi. Mwanamke asiye na kinga huchanjwa angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, au baada ya kujifungua, hata akiwa ananyonyesha. Mjamzito asiye na kinga aliyekutana na mgonjwa anaweza kuchomwa sindano ya imunoglobulini, yaani kingamwili zilizotayarishwa kutoka katika damu ya watu wengine, ndani ya siku 6.