Kufunza Tabia ya Nchi kwa Historia ya Ziwa Nyanza

Sisi tunaofunza Kiswahili katika nchi zilizo mbali na pwani tumezoea kuulizwa na wenzetu wa sayansi kama lugha hii inatosha kueleza elimu ya leo. Katika somo la tabia ya nchi, shida si uhaba wa maneno. Ni neno moja kubebeshwa mizigo miwili. Mwanafunzi husikia "hali ya hewa" redioni kila jioni, na maana yake ni kwamba kesho mvua itanyesha au haitanyesha. Kisha darasani huambiwa kuwa "hali ya hewa" ya dunia inabadilika. Basi mvua ikinyesha Januari, yeye husema imebadilika. Jua likiwaka juma linalofuata, husema imerudi ilivyokuwa.

Vitabu vya jiografia vya zamani vilikuwa na jina la pili, "tabia ya nchi", ambalo siku hizi limeunganishwa likawa "tabianchi". Jina hili twalipenda. Tabia ya mtu haijulikani kwa siku moja: mpole aweza kukasirika leo, naye akabaki mpole. Hali kadhalika "masika" na "vuli" si majina ya mvua inyeshayo sasa hivi, bali ya mvua inayotazamiwa, kwa sababu wazee waliiona ikija miaka nenda miaka rudi. Watu wa pwani walihesabu mwaka wa siku 365 kuanzia Nairuzi, wakaugawa kwa makumi ya siku ili wajue wakati wa kupanda na wakati wa kusafiri baharini. Huko kulikuwa kujifunza tabia ya nchi, hata kama hakukuitwa hivyo.

Lakini jina zuri halitoshi. Mwanafunzi ataka mfano. Sisi tunao mmoja mkubwa, nao ni ziwa ambalo ramani huliita Victoria na Waganda huliita Nalubaale. Zaidi ya robo tatu ya maji yaliingiayo ni mvua iangukayo juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya maji hayo hurudi angani kwa kukaushwa na jua. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile pale Jinja. Kwa hiyo mvua ikizidi au ikipungua kwa miaka michache, ziwa hupanda au hushuka. Kimo chake kimepimwa tangu 1896, nacho ni kitabu cha historia kilichoandikwa kwa maji.

Ukurasa wake maarufu ni wa vuli ya 1961. Mvua za Oktoba hadi Desemba mwaka huo zilikuwa kubwa mno katika Afrika Mashariki; Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba zikiwa bado zanyesha. Ziwa lilianza kupanda, nalo halikukoma mpaka 1964, likiwa limeongezeka zaidi ya meta mbili. Mialo ya wavuvi ilifunikwa, mashamba ya kando yakawa matope, na watu wakahamia juu. Ajabu ni kwamba ziwa halikurudi upesi lilikokuwa. Lilikaa juu kwa miaka mingi, hata kizazi kizima kikadhani kuwa ufuo umekuwa pale tangu zamani.

Sababu haikujulikana vema hadi 1999, wataalamu walipoeleza namna Bahari ya Hindi inavyopokezana joto: mara nyingine upande wetu wa magharibi hupata joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia hupoa, ndipo pepo huleta unyevu mwingi barani kwetu wakati wa vuli. Ilikuwa hivyo 1961, na ikawa hivyo tena 2019 kwa nguvu kubwa. Kati ya miaka hiyo ziwa lilikwisha kushuka sana: 2006 lilifika chini kuliko wakati wowote tangu 1923, kwa ukame na kwa maji mengi kuachiliwa yapite kwenye mitambo ya umeme ya Jinja. Mei 2020 likafika meta 13.42 kwa kipimo cha Jinja, likaipita kidogo sana rekodi ya 1964. Nyumba zilizojengwa karibu na maji wakati ziwa lilipokuwa chini zikaingiliwa.

Hapo ndipo wanafunzi, wengine wao wakiwa wamehamishwa na maji hayo, huuliza: je, hii ndiyo tabianchi kubadilika? Mwalimu mwenye haraka hujibu ndiyo. Sisi twaona jibu hilo ni hatari, kwa kuwa mwanafunzi mwerevu atauliza mbona 1964 lilipanda karibu sawasawa. Tena atasikia siku moja kwamba yapata miaka 15,000 iliyopita ziwa hili lilikuwa limekauka kabisa: chini ya tope la sakafu yake umekutwa udongo uliokuwa nchi kavu yenye mizizi ya mimea. Asipoandaliwa ataona kuwa alidanganywa, na hataamini lolote tena. Afadhali aambiwe mapema kwamba tabia ya nchi imebadilika mara nyingi bila sisi, lakini kwa mwendo wa maelfu ya miaka. Sasa hewa ya ukaa, ambayo mwaka 1958 ilipimwa huko Hawaii kuwa sehemu 315 katika milioni, imezidi 420 katika muda usiotimiza umri wa mzee mmoja, kwa sababu ya makaa ya mawe na mafuta tunayochoma. Hewa hiyo huzuia joto la dunia lisitoke lote.

Shahidi wa joto hilo tusimtafute ziwani, maana ziwa hupanda na kushuka. Tumtafute Rwenzori. Mwaka 1906 msafara wa Duke of Abruzzi kutoka Italia ulifika kilele cha Margherita, meta 5109, pamoja na mpiga picha Vittorio Sella. Wakati huo barafu ya milima hiyo ilienea yapata kilometa 6.5 za mraba. Kufikia 2003 haikutimia hata kilometa moja. Emin, Gessi na Luigi di Savoia ilikuwa imekwisha kabisa. Ilibaki Stanley, Speke na Baker tu. Wapo wataalamu waliosema kwamba kupungua huko kulianzishwa na ukavu wa hewa mwishoni mwa karne ya 19, na ubishi huo mwalimu asiufiche. Ila kwa zaidi ya miaka mia barafu, kwa jumla, imekuwa ikipungua.

Wakonzo wa milima hiyo huiita theluji nzururu. Wanafunzi wa Kasese wanayo kazi ya nyumbani ambayo sisi wengine hatuwezi kuwapa wa kwetu: kumwuliza babu weupe ulionekana mpaka wapi alipokuwa kijana, na kuliandika jibu lake kwa Kiswahili, wakiangalia sana nyakati za vitenzi.