Dhambi na Jinai Chini ya Mlima Meru

Yasemwa mara nyingi katika Arusha, mimbarini na barazani, kwamba kifungo anachotishiwa mtu ampendaye mwenzake wa jinsia moja ni amri ya dini. Usemi huo una ukweli ndani yake, lakini ukweli wenyewe una safari ndefu, na asiyeifuata safari hiyo hawezi kupambanua dhambi na jinai.

Ukristo uliingia Meru kwa msiba. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Wenzao walirudi mwanzoni mwa karne ya 20, wakajenga Nkoaranga na Ilboru. Makanisa yaliyozaliwa humo yaliwaonya waumini wao juu ya mambo mengi, lakini mchungaji hakuwa na gereza. Adhabu yake kubwa ilikuwa kumtenga mkosaji na Meza ya Bwana, na mlango wa toba ulibaki wazi.

Waislamu wa mjini, walio wengi wao wafuasi wa madhehebu ya Shafii, wana sheria iliyoandikwa kwa upana zaidi. Sheria hiyo ni kali: liwati imeharamishwa, na adhabu yake vitabuni yaweza kufika kifo. Hata hivyo wanazuoni wa Kishafii waliifananisha na zinaa katika ushahidi, wakataka mashahidi wanne walioona kwa macho. Walimtambua pia huntha, ambaye maumbile yake hayakuwa dhahiri ya mume wala ya mke, wakampimia fungu lake la mirathi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alimtenga mwanamume aliyeumbwa na tabia za kike na yule anayejitia tabia hizo kwa makusudi. Wa kwanza, alisema, hana lawama. Neno hanithi, ambalo leo ni tusi la mitaani, latoka katika shina lile lile la Kiarabu ambalo wanazuoni walilichambua kwa utulivu. Tena, dola ya Tanzania huipa sharia ya Kiislamu nafasi katika ndoa, talaka na mirathi, wala si katika jinai.

Basi kifungo kilitoka wapi? Kilitoka Uingereza. Zamani kosa hili lilikuwa chini ya mahakama za Kanisa. Mwaka 1533, katika enzi ya mfalme Henry VIII, Bunge lililitoa mikononi mwa Kanisa, likalitia katika mahakama za mfalme na kuliwekea adhabu ya kifo. Hapo ndipo dhambi ilipogeuzwa jinai. Mwaka 1860 Waingereza waliliandika kosa hilo katika Kanuni ya Adhabu ya India kwa maneno ya tendo lililo kinyume cha maumbile. Mwaka 1899 likaingia katika kanuni ya Queensland, Australia. Walipoitwaa Tanganyika waliitumia kwanza kanuni ya India, kisha mwaka 1930 wakaleta kanuni iliyofuata ile ya Queensland, yenye kifungo cha miaka 14. Hapakuulizwa shehe wala mchungaji, wala mzee wa Kimeru au wa Kiarusha.

Wenye sheria hiyo wameiacha. England na Wales ziliilegeza mwaka 1967, Queensland ikaifuta mwaka 1990, na Mahakama ya Juu ya India ikaibatilisha kwa watu wazima walioridhiana mwaka 2018. Tanzania iliongeza uzito wake: Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilipandisha adhabu hadi kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30.

Mwaka 2010 maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambalo makao yake makuu yako Arusha, walitoa Tamko la Dodoma kukataa ndoa za jinsia moja. Kukataa kufungisha ndoa ni haki ya kanisa lolote. Kumpeleka mtu gerezani ni jambo jingine. Mambo hayo mawili yakichanganywa, hasara huwafikia watu wenyewe. Februari 2017 serikali ilisimamisha huduma za UKIMWI katika vituo 40 nchini kwa madai kwamba vilikuza ushoga, na wagonjwa wakafungiwa mlango wa tiba.

Ajabu ni kwamba mji huu ni makao ya mahakama mbili za kimataifa. Katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilipingwa sheria ya Uganda ya mwaka 2014 dhidi ya ushoga. Mwaka 2016 majaji waliona kwamba sheria hiyo ilikwisha kubatilishwa Uganda kwenyewe, wakaliacha swali lenyewe bila jibu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ilipokea malalamiko ya Watanzania moja kwa moja, mpaka serikali ilipoondoa ruhusa hiyo kwa taarifa ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika Novemba 2020.

Kanisa na msikiti vyaweza kuendelea kuita dhambi kile vinachokiamini kuwa dhambi. Lakini anayetetea kifungo cha miaka 30 kwa jina la mojawapo ajue kwamba anatetea kazi iliyoanzwa na mfalme, siku alipomnyang'anya padri mkosaji wake pamoja na toba yake.