Kambi ya Wasichana Si Kitu cha Wazungu, Lakini Shangazi Ana Haki ya Kuogopa

Wiki iliyopita shangazi yangu alinirudishia karatasi bila kuisaini. Ni karatasi ya ruhusa ya kambi ya wasichana, siku 5 za likizo ya Agosti, watalala kwenye madarasa ya shule moja huku kwetu Magarini. Binti yake ana miaka 13. Leso zake mbili ameshazifua, amezikunja, zimo kwenye begi.

Shangazi akaniambia, "Mwanangu, kambi ni mambo ya wazungu. Na tena baada ya yale tuliyoyaona, mimi nimpe mtu mtoto wangu akalale naye?"

Sikumjibu. Mnaonifuata mnajua mimi kunyamaza ni kazi ngumu. Lakini hiyo jioni nikakaa chini nikaanza kusoma. Ndio, mimi huyuhuyu niliyeacha chuo mwaka wa pili. Karo ndiyo ilikata, hamu ya kusoma haikukata.

Nilichogundua ni kwamba shangazi alisema vitu viwili. Cha kwanza amekosea nusu. Cha pili hajakosea hata kidogo. Twende polepole.

Tuanze na hao wazungu. Tarehe 4 Septemba 1909, pale Crystal Palace jijini London, maelfu ya maskauti wavulana walikusanyika mbele ya Robert Baden-Powell, yule mwanajeshi aliyepata jina kwenye vita vya Afrika Kusini. Kitabu chake cha maskauti kilikuwa kimetoka mwaka mmoja nyuma. Sasa katikati ya wavulana wakatokea wasichana. Hakuna aliyewaalika! Walikuwa wamekisoma kitabu kilekile, wakajitafutia sare, wakaunda vikundi vyao, wakaja kusema na sisi tumo. Mwaka uliofuata, 1910, Girl Guides wakaanzishwa rasmi, na dada yake Baden-Powell, Agnes, akapewa kuwaongoza. Kule Marekani, tarehe 12 Machi 1912, Juliette Gordon Low akakusanya wasichana 18 mjini Savannah, na huo ndio mwanzo wa Girl Scouts.

Kuanzia hapo kambi zikashika. Wenzetu wana majira ya joto, sisi tuna Agosti na Desemba, lakini mambo ni yaleyale: hema, kuni, zamu ya kupika, nyimbo usiku. Na kelele za watu wazima zilikuwa zilezile pia. Binti wa heshima analalaje nje? Si atakuwa kama mwanamume? Kwa hivyo shangazi, hata huko kwa wazungu akina shangazi walikataa.

Lakini hapa msinipigie makofi mapema. Kambi haikuwa ya bure. Kitabu cha kwanza cha Girl Guides, kilichotoka 1912, kwenye jina lake kimeandikwa wazi kwamba kinaeleza jinsi wasichana wanavyoweza kusaidia kuijenga himaya ya Waingereza. Yaani binti anafundishwa kuwasha moto na kufunga kidonda, na nyuma ya hayo yote kuna mtu mzima ana mpango wake.

Na hiyo himaya wakati huo ilikuwa inafanya nini? Ilikuwa hapa kwetu, inataka kodi na vijana wa kwenda kufanya kazi mashambani.

Mwaka 1913, mwaka mmoja tu baada ya hicho kitabu, Mekatilili wa Menza alikuwa anazunguka Ugiriama akicheza kifudu. Kifudu ni ngoma ya matanga. Watu walipojaa kuiangalia, yeye akawa anawaambia habari ya kodi na ya vijana wao. Pale Kaya Fungo watu wakala kiapo cha kutoshirikiana na Waingereza. Wanaume walikuwa na kiapo chao, fisi, na wanawake wakawa na chao, mukushekushe. Sikiliza vizuri hapo: wanawake walikuwa na kiapo chao wenyewe. Walikutana, wakaahidiana, wakarudi majumbani na siri moja.

Oktoba 1913 akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka 1914 wakatoroka wakarudi. Masimulizi yanasema kwa miguu. Agosti mwaka huo Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikawaka, nyumba zikachomwa, na Wagiriama wakaamriwa kuhama kutoka ng'ambo hii ya mto Sabaki. Ng'ambo hii ni huku kwetu, hii ardhi unayopita ukitoka Malindi kwenda Gongoni. Na Mekatilili mwenyewe amezikwa Bungale, humuhumu Magarini.

Sisemi mkutano wa Kaya Fungo ulikuwa kambi. Ila ukiniambia wanawake kukusanyika mbali na nyumbani, wakafundishana, wakaapa na kutoka na msimamo ni kitu kilicholetwa na meli kutoka Uingereza, nitakuuliza umesomea wapi historia. Hata nyanya yangu, hawe kama tunavyomwita Kigiriama, anasimulia kwamba enzi zao msichana akianza kukua alihamia kulala kwa hawe wake pamoja na wasichana wenzake wa boma. Huko ndiko walikoelezwa mambo ya mwili, ya ndoa, na ya wanaume wa kukaa nao mbali. Usiku wa wasichana ulikuwa na mwenyewe. Leo hawe analala peke yake, na binti analala na simu.

Haya, Girl Guides wakafika Kenya mwaka 1920, mwaka uleule nchi ilipofanywa koloni rasmi. Mwanzoni ilikuwa shughuli ya mabinti wa walowezi. Wasichana Waafrika waliingia baadaye, na walipoingia hawakuondoka. Baden-Powell mwenyewe alimalizia maisha yake Nyeri, akafa Januari 1941, kaburi lake liko huko mpaka leo. Himaya ilifungasha virago mwaka 1963. Kambi ikabaki, na leo wanaoiendesha ni Wakenya wenyewe. Kitabu kilitaka wajenge himaya, wao wakachukua kuwasha moto, kufunga kidonda na kuongoza wenzao, ile himaya wakaiacha mlangoni.

Halafu kuna hadithi ya Tharaka, ambayo ndiyo iliyonikaa zaidi. Sisi Wagiriama hatutahiri wasichana, lakini kule Tharaka ilikuwa mila, na ilikuja na siku za kukaa ndani na kufundishwa. Agosti 1996, wakati wa likizo, Maendeleo ya Wanawake pamoja na shirika la PATH wakafanya kitu kipya kijijini Gatunga na familia zilizokubali. Wasichana wakakusanywa, wakakaa pamoja siku kadhaa, wakafundishwa yote ambayo mila ilifundisha, na mengine juu yake. Mwisho wakatoka kwa sherehe, ngoma na zawadi, mbele ya kijiji kizima. Kisu tu ndicho kilichoondolewa. Waliita Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno.

Unaona akili hiyo? Hawakuwaambia wazee kwamba mila yenu yote ni takataka. Waliuliza ni kitu gani kwenye mila hii msichana anakihitaji kweli, na jibu likawa ni ule muda: siku za kuwa na wenzake, na watu wazima wanaomwambia ukweli, na kijiji kinachomsubiri nje kimpokee.

Mimi mwenyewe nilienda kambi nikiwa na miaka 14, upande wa Marafa. Hakukuwa na hema wala ziwa la kuogelea. Tulilala kwenye mikeka darasani, madawati yamepangwa ukutani. Tuligawanywa vikundi vya watu wanane, kila kikundi kikachagua kiongozi wake, na zamu ikabandikwa mlangoni: nani anachota maji, nani anapika, nani anaosha sufuria. Siku ya kwanza sima iliungua na tukaila hivyohivyo. Usiku wa tatu taa ikazimwa, msichana mmoja akaanza kusimulia giza likiwa limetanda kitu alichofanyiwa na mtu wa kwao. Kimya. Halafu mwingine akasema, "Mimi pia." Asubuhi wakaenda pamoja kumwambia mwalimu wa zamu, na mwalimu akawasindikiza mpaka kwa chifu. Yule msichana angekuwa peke yake nyumbani, angemwambia nani?

Nami nawauliza nyinyi: huku Kilifi, usiku msichana wa miaka 13 anaruhusiwa kukutana wapi na wenzake? Mwaka 2018 kaunti yetu ilikuwa habari ya taifa zima kwa mimba za utotoni. Kila mtu akanyoosha kidole kwa disko matanga, na zimepigwa marufuku sijui mara ngapi. Mimi sizitetei. Lakini fikiria, kifudu nacho kilikuwa ngoma ya matanga, na kwenye kifudu kulikuwa na Mekatilili. Kwenye disko matanga kuna spika, giza na wanaume wenye pesa ya soda. Tofauti si muziki. Tofauti ni nani anaushika ule usiku. Umefunga disko, sawa. Umefungua nini badala yake?

Sasa nirudi kwa sentensi ya pili ya shangazi, manake hiyo siwezi kuipita kwa mbio.

Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa msitu wa Shakahola. Ilipatikana zaidi ya miili 400, na watoto wengi walikuwemo. Pale pia watu waliambiwa njooni tukae pamoja, mbali na dunia. Tangu hapo, ukimwambia mama wa huku kwamba unampeleka mtoto wake mahali kwa siku tano, moyo wake unaruka. Huo si ushamba. Hayo ni maarifa ambayo mji huu umeyalipia kwa bei mbaya kabisa.

Kwa hivyo historia yote hii imenipa kipimo kimoja tu: mlango. Gatunga walitoka mbele ya kijiji, mchana, kila mtu akiona. Kwa hawe wa zamani, mama alikuwa hatua kumi tu nje. Hata darasani kwetu Marafa mzazi aliweza kufika, na wengine walifika na mahamri. Shakahola hapakuwa na mlango wa kurudia nyumbani. Kambi ambayo mzazi hawezi kufika bila kutoa taarifa, ambayo mtoto hawezi kusema nataka kurudi akarudishwa, hiyo usimpeleke mtoto wako hata kama ni ya bure, hata kama mwenye nayo ameshika kitabu kitakatifu.

Jumamosi nilirudi kwa shangazi. Nikamsimulia yote, kuanzia Crystal Palace mpaka Bungale, yeye akiendelea kupembua mchele. Mwisho akauliza maswali matatu. Walimu wa kike ni wangapi? Simu ya kuwapata ni ipi? Na akija siku ya pili bila kuitwa, lango litafunguliwa?

Nikapiga simu kwa waandaaji hapohapo, nikaweka sauti juu. Walimu wa kike ni wanne. Namba wakaitoa. Na lango litafunguliwa saa yoyote.

Shangazi akafuta mikono, akachukua kalamu. Kabla hajasaini akasema, "Siku ya pili nitakuja. Na sitasema saa ngapi."

Binti akaruka mpaka nje. Na mimi nasema hivi kwa wazazi wote: msikatae kambi, nendeni mkagonge lango. Likichelewa kufunguliwa, mrudi na mtoto wenu.