Mdai Asiyeitwa Kikaoni: Deni Binafsi na Haki ya Kusikilizwa Kazini

Tuanze na mfano wa kubuni, ingawa yeyote aliyewahi kukalia meza ya rasilimali watu atadhani anamfahamu mhusika. Keshia wa kampuni moja ya Dar es Salaam anakabidhiwa barua Jumatano saa nne asubuhi. Hesabu za mwezi zimeonyesha shoti ya shilingi 640,000, na anatakiwa kufika mbele ya kikao cha nidhamu Ijumaa saa nne. Mshahara wake ni shilingi 900,000. Ukiondoa asilimia 10 ya NSSF, kodi ya mapato na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, anabaki na kama 594,500. Benki inachukua 250,000 kwa mkopo uliomalizia paa la nyumba ya wazazi wake. SACCOS ya kazini inachukua 40,000. Kinachomfikia mkononi hakizidi 305,000, na humo mna kodi ya chumba, nauli na ada ya mdogo wake. Wiki mbili zilizopita alikopa tena, safari hii kwa simu, na rejesho lilipaswa kulipwa jana.

Sijui kama keshia huyu aliiba, na makala hii haitajaribu kulijua hilo. Ninachochunguza ni nafasi ya deni lake ndani ya chumba cha Ijumaa. Ninadai kwamba sheria ya kazi ya Tanzania imelitengea deni binafsi la mfanyakazi mahali pamoja tu halali pa kukaa, yaani baada ya kosa kuthibitishwa na kabla ya adhabu kuamuliwa. Vikao vyetu vimezoea kulikalisha kwingine, kwenye ushahidi.

Kanuni zenyewe si ngumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, iliyotungwa mwaka 2004, inamtaka mwajiri athibitishe kwamba alikuwa na sababu halali ya kumwachisha mtu kazi na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Utaratibu huo umefafanuliwa katika Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007. Mwajiri achunguze kwanza. Amweleze mfanyakazi tuhuma kwa namna na lugha anayoweza kuielewa. Ampe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya juu ambaye hakuhusika na tukio. Mfanyakazi aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama chake au mfanyakazi mwenzake, ajibu tuhuma, ahoji mashahidi na kuleta wake. Kisha, akionekana ana hatia, apewe nafasi nyingine ya kueleza yale yanayoweza kumpunguzia adhabu. Na katika kupima kama kosa linastahili kuachishwa kazi, mwajiri anatakiwa kuangalia rekodi ya mfanyakazi, urefu wa utumishi wake, adhabu alizowahi kupewa, na hali yake binafsi.

Deni limo ndani ya maneno hayo mawili, "hali binafsi". Mtunga kanuni alijua kwamba adhabu ileile humwangukia kila mtu kwa uzito wake, na akataka mwamuzi auone uzito huo kabla ya kusaini. Ila aliuweka nyuma ya mlango wa pili, na mlango wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza umepitwa.

Katika vikao vingi milango hii miwili imegeuzwa mmoja. Mwenyekiti husoma tuhuma, huuliza "Una lolote la kujitetea?", mfanyakazi huzungumza mara moja tu, kisha hutolewa nje. Katika nafasi hiyo moja afanye nini? Akisema hakuchukua fedha na papo hapo akaomba ahurumiwe kwa sababu ana madeni, amejichongea: ametoa utetezi kwa mkono wa kulia na sababu ya kuiba kwa mkono wa kushoto. Akinyamaza juu ya madeni, nafasi ya pili haiji. Mtego huu hakuutega mtu kwa makusudi. Umetokana na haraka tu, lakini matokeo yake hayatofautiani na ya hila.

Hata akinyamaza, deni limeshamtangulia chumbani. Mwajiri wa Tanzania hulijua deni la mfanyakazi wake kuliko mke au mume anavyolijua, kwa sababu yeye ndiye aliyegonga muhuri kwenye fomu ya mkopo, akathibitisha mshahara, na kila mwezi huyakata marejesho na kuyapeleka benki. Ofisa aliyesaini fomu hiyo mwaka jana, leo ndiye anayeandaa jalada la kikao, na mara nyingi ndiye katibu wake. Hahitaji kutoa kielelezo chochote. Inatosha aguse hati ya mshahara iliyo mezani, mwenyekiti aone safu ya makato, na wote wawili watazamane. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imejengwa juu ya wazo kwamba taarifa iliyokusanywa kwa kusudi moja isigeuzwe kutumika kwa kusudi lingine. Keshia alitoa taarifa za mkopo wake ili akatwe mshahara. Hakuzitoa ili zije kumtolea ushahidi. Sheria hiyo inafikiriwa zaidi katika habari za kampuni za simu na mitandao. Nadhani wanasheria wa kazi nao wangeisoma kwa jicho la kikao cha nidhamu.

Kuna jambo la SACCOS ambalo wachambuzi hulipita, na mimi naliona zito kuliko yote. Mkopo wa SACCOS ya kazini hudhaminiwa na wafanyakazi wenzake mkopaji. Siku anapoachishwa kazi makato yake husimama, na chama hugeukia wadhamini. Sasa kanuni inampa mtuhumiwa haki ya kuchagua mfanyakazi mwenzake amsindikize kikaoni. Atamchagua nani? Atamchagua rafiki, na rafiki ndiye mdhamini. Mtu huyo anaingia chumbani akiwa na maslahi yake mwenyewe: anataka mwenzake asifukuzwe hata kama amekosa, au anataka akiri upesi akubali kukatwa mshahara, maadamu ajira ibaki na rejesho liendelee. Upande wa pili, mhasibu anayeitwa kueleza shoti huenda naye ni mdhamini wa mkopo uleule, na ana hasira zake. Kati ya watu watano au sita waliomo chumbani, wawili au watatu wamefungamana na mtuhumiwa kwa kamba ya fedha, na hakuna anayetakiwa kulisema hilo. Mwenyekiti anaulizwa kama alihusika na tukio. Haulizwi, wala hawaulizi wengine, kama wamehusika na deni.

Sheria ya Usalama wa Kazi ya mwaka 1964 iliweka kamati za wafanyakazi zilizoshirikishwa katika masuala ya adhabu kazini. Zilikuwa na kasoro zake, na Issa Shivji katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya sheria, dola na tabaka la wafanyakazi Tanzania hakuutazama mfumo huo kwa macho ya huruma. Lakini wenzake mtuhumiwa walikaa pale kama wafanyakazi. Leo tumembakizia mmoja, na huyo mmoja huenda amekaa pale kama mdhamini.

Simu nayo imeongeza chumvi kwenye kidonda. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia programu 69 za mikopo ya kidijitali zisizo na leseni. Miongoni mwa malalamiko yaliyozoeleka dhidi ya wakopeshaji wa namna hii ni kwamba huchota orodha ya majina kwenye simu ya mkopaji na kuwatumia watu hao ujumbe wa kumuaibisha. Katika orodha hiyo yumo bosi. Hivyo inawezekana kabisa mwenyekiti wa kikao cha Ijumaa akawa amesoma Alhamisi usiku kwamba mtu atakayemhukumu asubuhi ni tapeli anayekimbia deni la shilingi 80,000.

Mwajiri ana hoja yake, na ni ya kuheshimiwa. Atasema: mtu anayeshika fedha za kampuni huku akibanwa na wadai ni hatari inayojulikana, na kuifumbia macho ni uzembe. Nakubali kwamba ni hatari. Lakini hatari hushughulikiwa kabla ya tukio: kwa kubadilisha zamu za keshia, kuhesabu fedha kila jioni mbele ya mtu wa pili, kumpa mfanyakazi nafasi ya kueleza shida yake bila kuogopa. Shoti ikishatokea, swali linabadilika. Mwajiri anapaswa kuthibitisha, kwa kipimo cha uwezekano ulio mkubwa zaidi, kwamba huyu ndiye aliyezichukua. Deni linaonyesha kwamba alizihitaji. Lakini msimamizi aliyekagua droo alizihitaji, mlinzi wa mlangoni alizihitaji, na mwenyekiti mwenyewe, mwenye mkopo wa gari, hakuwa na uadui nazo. Katika nchi ambako mkopo wa mshahara umekuwa njia ya kawaida ya kujenga, kuoa na kusomesha, ushahidi unaomgusa kila mtu haumchagui yeyote. Mambo ni mengine ikiwa jioni ya siku ya shoti keshia alilipa mkopo wa simu kwa fedha taslimu isiyojulikana ilikotoka. Huo ni ushahidi wa muamala, na uletwe wazi kikaoni ili aujibu.

Lugha yetu yenyewe haimsaidii. Mtu aliyechelewesha marejesho tunamwita "mdaiwa sugu", kivumishi kilekile tunachokibandika kwa mhalifu asiyekoma. Mikopo inayomnyonya tumeipa jina la "kausha damu", na jina hilo linamwonea huruma. Lakini akiitwa ofisini huruma hiyo huishia getini. Kukopa harusi, kulipa matanga, tunasema, na aliye matangani tunamtazama kana kwamba alijialika. Ndiyo maana hata pale mwenyekiti mwema anapouliza juu ya hali binafsi, wengi hujibu kwa kifupi, "Sina la kuongeza." Aibu imewafunga kinywa mahali pekee ambapo kanuni iliwataka waseme.

Hasara kubwa, hata hivyo, hutokea kabla ya kikao. Saa 48 ziliwekwa kuwa kima cha chini, lakini waajiri wengi huzitumia kama kima cha juu. Mtu asiye na deni huzitumia kutafuta stakabadhi na mashahidi. Mwenye deni huzimaliza akipiga simu kwa wadai na kuwaza mwisho wa mwezi. Hapo ndipo humfikia ushauri wa pembeni, wenye sauti ya kirafiki: "Andika barua ya kujiuzulu, utalipwa stahiki zako na jina lako litabaki safi." Anapiga hesabu ya stahiki hizo, anaona zinaweza kuziba tundu moja, na anaandika. Sheria inatambua kwamba kujiuzulu kulikosababishwa na mwajiri kuifanya kazi isivumilike ni kuachishwa kazi, ila jukumu la kuonyesha hivyo linamhamia mfanyakazi. Mwingine huandika, "Naomba nikatwe kidogo kidogo," akidhani ananunua muda. Barua hiyo husomwa Ijumaa kama ungamo. Sheria haikuruhusu kufidia upotevu kwa kukata mshahara ovyo: mfanyakazi apewe kwanza nafasi ya kueleza kwa nini asikatwe, na makato ya namna hiyo yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Anayelijua hilo Jumatano jioni haandiki barua ile.

Kwa mtumishi wa umma hesabu ni kali zaidi. Katika sekta binafsi, kanuni za 2007 zinamtaka mwajiri anayemsimamisha mtu kupisha uchunguzi amlipe mshahara kamili. Mtumishi wa umma anaweza kusimamishwa kwa nusu mshahara. Papo hapo utaratibu wa serikali unalinda theluthi moja tu ya mshahara dhidi ya makato, na wapo walioifikia theluthi hiyo zamani. Hata kodi ikipungua, nusu haiwezi kulipa madeni yaliyopangwa kula theluthi mbili na bado ikalisha nyumba. Adhabu imeanza kutumikiwa kabla ya hukumu, na kadiri uchunguzi unavyorefuka ndivyo inavyokuwa kubwa kuliko karipio au onyo ambalo pengine lingetolewa mwishoni.

Marekebisho ninayoyapendekeza hayahitaji Bunge. Mwenyekiti akatae hati ya mshahara na fomu za mikopo katika hatua ya kwanza, isipokuwa pale zinapogusa muamala maalumu uliotajwa kwenye tuhuma. Atamke uamuzi wake juu ya kosa, aahirishe kikao hata kwa nusu siku, ndipo afungue hatua ya adhabu na aulize kwa maneno ya wazi: una wategemezi wangapi, una makato gani, nini kitatokea ukiondoka leo? Kila anayeingia chumbani, akiwemo katibu, aseme kama amemdhamini mtuhumiwa au anamdai. Na aliyesaini fomu ya mkopo asiandae jalada.

Keshia wetu akiachishwa kazi Ijumaa hiyo, atakuwa na siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Rejesho la benki linadaiwa kabla siku hizo hazijaisha.