Mfarishi Uliobeba Majina: Historia Fupi

Hapa Mwanakwerekwe, kwenye makaburi yanayojulikana Unguja nzima, mfiwa haachwi peke yake. Majamvi hutandikwa, khitma husomwa, mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. UKIMWI, tangu wagonjwa watatu wa kwanza walipogunduliwa Zanzibar mwaka 1986, uliingiza kimya msibani: watu walizika, ugonjwa hautajwi.

San Francisco, Marekani, mambo yalikuwa mazito zaidi. Wapo waliokanwa na jamaa zao, na wapo ambao hata wazishi waliwakataa. Novemba 1985, katika maandamano ya mishumaa, mwanaharakati Cleve Jones aliwaomba watu waandike majina ya marehemu wao. Makaratasi yakabandikwa kwenye ukuta wa jengo la serikali, naye akayaona kama mfarishi wa viraka. Mwaka 1987 yeye na wenzake wakaanzisha NAMES Project, mradi wa kuushona mfarishi huo. Kipande cha kwanza alimshonea rafiki yake, Marvin Feldman.

Kila kipande ni futi 3 kwa 6, kadiri ya kaburi. Vinane huungwa kuwa mraba wa futi 12. Mama hukata shati la mwanawe, akalishona pamoja na vifungo vyake, jina akalitia kwa herufi kubwa. Wengi walishona pamoja, wakizungumza huku sindano inakwenda, na naamini faraja ilikuwa hapo hasa. Tarehe 11 Oktoba 1987 vipande 1,920 vilitandazwa Washington, majina yakasomwa kwa sauti. Leo ni takriban 50,000, vyenye majina zaidi ya 110,000 na uzito wa tani 54.

Mwaka huohuo wa 1987, Kampala, Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe Christopher mwezi Januari, alianzisha na wenzake TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI. Zanzibar ikapata ZAPHA+, jumuiya ya wanaoishi na virusi, mwaka 1994. Watu wa TASO na ZAPHA+ walikaa pamoja na kuutaja ugonjwa, na kwangu kazi yao na ya washonaji wale ni moja.

Mfarishi bado unapokea vipande vipya. Nawaomba waliohifadhi kanga za marehemu wao wazitoe sandukuni. Kanga moja haifiki futi 6. Iungeni na nyingine, na jina lisikosekane.