"Hii Itanisaidia na Nini?" Swali Lenye Zaidi ya Miaka Mia

Kila darasa Kenya lina mwanafunzi wa swali hili. Mwalimu anaandika ubaoni jinsi ya kutafuta x, ama anaanza kueleza Mkutano wa Berlin wa 1884, na kutoka viti vya nyuma inakuja sauti: "Mwalimu, hii itanisaidia na nini maishani?" Darasa linacheka. Mwalimu mwenye subira anajaribu kujibu. Aliyechoka anasema, "Itakuja kwa mtihani," na mjadala unaishia hapo.

Swali lenyewe si baya. Mtu ana haki ya kujua kwa nini anakalishwa kwa dawati kutoka asubuhi hadi jioni. Shida ni kwamba tunaliuliza kama limezaliwa jana, pamoja na simu na TikTok. Hapa kwetu lina zaidi ya miaka mia, na wa kwanza kuliuliza kwa sauti kubwa hawakuwa wanafunzi. Wakubwa wa kikoloni waliliuliza kwa niaba ya wanafunzi, kisha wakajijibu wenyewe.

Mwaka wa 1909, serikali ya Waingereza ilimpa kazi mtaalamu wa elimu aliyetoka India, Profesa J. Nelson Fraser, aseme ni shule za aina gani zinafaa nchi hii. Kwa Mwafrika, alipendekeza elimu ya kazi za mikono: useremala, uashi, ufundi. Walowezi walikuwa wamechukua mashamba na walihitaji watu wa kujenga, kurekebisha na kulima. Hesabu ilikuwa rahisi. Unamfundisha mtu kile ambacho wewe unahitaji akufanyie.

Miaka kumi na tano baadaye wazo hilo lilirudi likiwa limevaa suti. Mwaka wa 1924 ilikuja tume iliyofadhiliwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa New York, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones. Huyu Jones alikuwa amefundisha Hampton, chuo cha Virginia kilichoanzishwa 1868 kwa ajili ya Wamarekani weusi waliokuwa wametoka utumwani juzi tu. Hampton iliamini katika jembe na nyundo. Ndiko alikosoma Booker T. Washington kabla ya kuanzisha Tuskegee mwaka wa 1881 kwa imani hiyo hiyo. Si weusi wote waliokubali. W. E. B. Du Bois alibishana na msimamo huo kwa miaka mingi, na Jones mwenyewe alimkosoa waziwazi. Kwa Du Bois, watu ambao hawapewi nafasi ya kusoma historia, lugha na falsafa watabaki kuongozwa na wengine milele.

Ujumbe wa tume hapa ulikuwa mtamu. Elimu ya Mwafrika ilingane na mazingira yake. Afundishwe kilimo, afya, ufundi na maisha ya kijiji. Mwaka wa 1925 shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, kuwaandaa walimu wa kwenda kusambaza elimu hiyo vijijini. Eneo hilo ndilo leo lina Chuo cha Serikali cha Kenya, kule Lower Kabete, ambako wakubwa wa utumishi wa umma huenda kunolewa.

Sasa, tuwe wa haki. Kujua kuchimba choo, kulinda udongo usibebwe na mvua na kumlisha mtoto vizuri ni elimu ya maana sana. Ndani ya tume kulikuwa hata na Mwafrika, James Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo, msomi ambaye watu waliacha kazi zao kwenda kumsikiliza. Lakini angalia kitu kimoja. Aggrey mwenyewe alikuwa amesoma Kilatini na Kigiriki. Na mwaka wa 1931, Nairobi ikafunguliwa shule ya Prince of Wales, ambayo sasa ni Nairobi School, kwa wavulana wa Kizungu pekee, ikiiga shule za mabwenyenye wa Uingereza. Hakuna aliyemwambia mtoto wa mlowezi wa Nakuru kwamba Kilatini hakikami ng'ombe. Huyo aliachwa asome kila kitu, kwa sababu hakuna aliyetaka kumfungia mlango wowote.

Hapo ndipo siri ya neno "mazingira" inapojitokeza. Ukimwambia mtoto asome tu yanayolingana na mazingira yake, umeshaamua kwamba hatatoka humo. Mtaala ni utabiri. Anayekuchagulia masomo anatabiri utakuwa nani, na akiwa na nguvu ya kutosha utabiri wake unatimia, kwa sababu hukupewa kitu cha kuuvunja.

Waliopangiwa hivyo waliliona hilo mapema. Maseno, shule ya misheni iliyoanzishwa 1906, ilipata mgomo wa wanafunzi mwaka wa 1908. Vijana walikataa kazi za mikono, wakisema walikuja kusoma. Mgomo huo hutajwa kuwa wa kwanza katika shule za Kenya. Fikiria: miaka miwili tu baada ya shule kuanza, kabla hata Fraser hajaandika ripoti yake, kulikuwa na vijana waliojua tofauti ya kufunzwa na kutumiwa.

Kisha ikaja 1929. Ugomvi kati ya misheni na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana uligawanya makanisa, na kwa kuwa shule zilikuwa za makanisa, watoto wengi wakajikuta nje. Siwatetei waliotaka tohara iendelee. Lakini kilichofuata hakikuhusu tohara pekee. Wazazi walianza kujenga shule zao. Vyama viwili vikakua katika miaka ya 1930, KISA na Karing'a, na shule zao zikaenea Kiambu, Murang'a, Nyeri na hata Bonde la Ufa kulikokuwa na vibarua. Wazazi hao wengi wao hawakujua kusoma. Walibeba mawe na mbao, wakachanga pesa za mazao, wakalipa walimu.

Na walidai nini? Walitaka watoto waanze Kiingereza mapema, wakati serikali na misheni zilitaka kisubiri. Walitaka hesabu na vitabu sawa na vya wengine. Ukimwangalia mama wa Githunguri wa 1935 akiuza mahindi ili mwanawe asome sarufi ya lugha ambayo hakuna jirani anayeiongea, ungesema anapoteza pesa. Kwa kipimo cha "itanisaidia na nini", somo lile halikuwa na faida yoyote kwa maisha ya pale kijijini. Lakini barua za kupokonya mashamba ziliandikwa kwa lugha hiyo. Sheria ya kipande iliandikwa kwa lugha hiyo. Mama hakuhitaji mtafiti amweleze.

Mwaka wa 1939 juhudi hizo zikazaa chuo cha walimu pale Githunguri. Aliyekiongoza alikuwa Mbiyu Koinange, mtoto wa Chifu Koinange. Na hapa historia ina ucheshi wake. Mbiyu alikuwa ameondoka Kenya mwaka wa 1927 kwenda kusoma wapi? Hampton. Chuo kile kile cha jembe na nyundo. Lakini hakuishia hapo. Aliendelea hadi Ohio Wesleyan, kisha Columbia, New York, na akarudi na shahada ya uzamili. Mtu aliyepitia mfano wenyewe ndiye alirudi kujenga kitu kikubwa kuliko mfano. Watu walichangia chuo hicho kwa rika zao, na baadaye Jomo Kenyatta akawa mkuu wake.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, shule hizo zilifungwa ama zikanyang'anywa. Chuo cha Githunguri kilifungwa, na majengo yake yakageuzwa kambi ya gereza ambapo watu walinyongwa. Ukitaka kujua kama masomo yana nguvu, angalia serikali inafanya nini na shule inazoziogopa.

Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma katika moja ya shule hizo za Karing'a, Manguo, kule Limuru, kabla ya kwenda Alliance na Makerere. Ukubwani aliacha kuandika riwaya kwa Kiingereza akarudi kwa Gĩkũyũ, na akatumia miaka mingi kuhoji nafasi ya Kiingereza katika akili zetu. Wengine husema hiyo inaonyesha wale wazazi walikosea kudai Kiingereza. Mimi naona kinyume. Walimpa kitu akakijua hadi mwisho, na kwa kukijua hadi mwisho akapata uwezo wa kukikataa. Kukataa usichokijua ni rahisi, na hakumtishi mtu yeyote.

Lakini kuna masomo ambayo hata mzazi mwenye ndoto kubwa hawezi kuyatetea kwa siasa. Chukua Kijerumani.

Mwaka wa 1960 msichana wa Ihithe, Nyeri, alipanda ndege kwenda Marekani katika safari za wanafunzi zilizoanzishwa na Tom Mboya. Wangari Maathai alifika chuo cha masista kule Atchison, Kansas, akasoma biolojia kama somo kuu, na kando yake kemia na Kijerumani. Msichana wa Nyeri, katikati ya mashamba ya ngano ya Kansas, anasoma Kijerumani. Mwulize itamsaidia na nini. Angekujibu vipi?

Mwaka wa 1966 alirudi Nairobi akiwa na barua ya kazi katika idara ya zoolojia ya chuo kikuu. Alipofika akaambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Aliyemwokoa alikuwa Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Chuo Kikuu cha Giessen, aliyekuwa akijenga idara ya anatomia ya mifugo Nairobi. Alimpa kazi ya usaidizi wa utafiti, kisha akamhimiza aende Ujerumani kwa masomo ya udaktari. Maathai akasoma Giessen na Munich, akamalizia Nairobi mwaka wa 1971, na hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada hiyo. Mwaka wa 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Mwaka wa 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Sisemi Kijerumani ndicho kilimpa Nobel. Wako waliosoma Kijerumani na hakikuwafikisha popote. Nasema hakuna mtu Kansas, yeye mwenyewe akiwemo, aliyeweza kujua kwamba kazi aliyoahidiwa itapotea na atakayemfungulia mlango atatoka Giessen. Tunapouliza "itanisaidia na nini", tunajifanya tunajua tutakuwa wapi baada ya miaka sita. Nani kati yetu anajua? Angalia kazi unazofanya ama marafiki zako wanafanya saa hii mtaani. Ngapi zilikuwa kwa chati ya mwalimu wa ushauri?

Najua pingamizi. Kuna masomo yanayofundishwa vibaya mpaka yanakufa. Historia ikiwa ni orodha ya tarehe za kukariri, hiyo ni adhabu, na mwanafunzi anayesinzia hana kosa. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 uliwabebesha watoto masomo mengi kuliko mgongo wao, na shule nyingi zikaambiwa zifundishe useremala bila karakana wala randa. Kusoma mengi kwa kulazimishwa si sawa na kufunguliwa dunia. Tena mimi niliacha chuo kikuu kabla ya kumaliza. Cheti sina, kwa hivyo sina sababu ya kutetea vyeti. Ninachotetea ni kujua vitu ambavyo hukupangiwa kuvijua.

Na hili si jambo la makumbusho. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia gredi ya 10 katika sekondari pevu, kila mmoja na mkondo wake: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, ama sanaa na michezo. Kuna kitu kizuri hapo. Mtoto mwenye kipaji cha muziki hatimaye ana mahali. Lakini ni uamuzi wa maisha mikononi mwa mtoto wa miaka kama kumi na tano. Tena shule isiyo na maabara haiwezi kumpa mkondo wa sayansi hata akiulilia, na hapo "chaguo" lake limeamuliwa na umaskini wa kata yao. Mwaka wa 2025, hisabati ilipopangwa kuwa ya hiari kwa wasio wa mkondo wa sayansi, watu walilalamika mpaka ikarudishwa kuwa ya lazima kwa wote. Wajukuu wa wale wa mawe na mbao hawajasahau kila kitu. Kwa historia hakukuwa na kelele kama hizo, ingawa ndiyo ingewaambia watoto kwamba vita hivi vimewahi kupiganwa.

Kwa hivyo kama uko darasani sasa, endelea kuuliza. Lakini ongeza swali la pili. Mtu akikuambia hauhitaji somo fulani, awe mkubwa wa elimu, mjomba, ama jamaa wa video anayeuza kozi ya wiki mbili, muulize mtoto wake anasoma nini. Ukisikia anasoma lile lile ambalo wewe umeambiwa uliache, chukua kitabu urudi darasani.